Nao Wanyonyeshao Atawaongoza Polepole

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimeiandika vipande vipande, mtoto akiwa begani. Mkikuta mahali pamekatika, mjue aliamka.

Nina daftari ninaloandikia mahubiri na maombi. Juzi nililipekua nikakuta mahubiri ya mwisho ni ya wiki moja kabla sijajifungua. Baada ya hapo: "Saa 6 usiku, kushoto. Saa 8, kulia, katapika. Saa 10 kasoro, kushoto, kagoma." Kurasa kumi na moja za namna hiyo! Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, nami niliandika kila mara kama karani wa ghala. Nililifunga nikalia. Yule dada aliyekuwa akiandika humu kaenda wapi?

Hii ni huzuni tunayoificha kanisani, maana mtoto tulimwomba, na wapo wenzetu ambao bado wanaomba. Utaanzaje kusema una hamu na wewe wa zamani? Simu inalia, unaulizwa, "Mtoto hajambo?" Unajibu hajambo. Wewe hukuulizwa, basi unanyamaza.

Nikamrudia Hana, 1 Samweli 1. Tunamhubiri Hana wa machozi, kisha Hana wa kumtoa mwanawe Samweli kwa Bwana, na hapo katikati tunapita mbio. Someni mstari wa 22. Safari ya kila mwaka ya kwenda Shilo ilifika, Hana akabaki. Huyu ndiye aliyeomba hadi kuhani Eli akadhani amelewa! Sasa nyumba nzima inafunga mizigo kwenda ibadani, naye anasema hataenda mpaka mtoto aachishwe kunyonya. Mumewe Elkana hakumwambia kwamba amepoa kiroho. Alimwambia afanye aonalo kuwa vema. (Akina baba, mstari wa 23 ni wenu.)

Kilichonishika ni kwamba Hana alisema mwenyewe, hakusemewa. Mtoto yuko kifuani na bado ana kauli yake. Na wimbo wake wa sura ya 2, unaokuja baada ya miezi yote hiyo ya kunyonyesha, unaanza hivi: "Moyo wangu wamshangilia Bwana." Moyo wake ulikuwepo muda wote, ila kwa kipindi kile hatukuusikia ukiimba.

Isaya 40:11 anasema Mchungaji huwakusanya wana-kondoo mikononi mwake, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Nilikuwa nikiusoma mstari huu nikiwaona wana-kondoo tu. Kumbe mama zao nao wamehesabiwa, na mwendo wa kundi unapunguzwa kwa ajili yao. Mimi nilikuwa najikokota huku nikiomba msamaha kwa kuchelewa.

Niseme na hili haraka: machozi ya siku za kwanza kwa wengi hupoa ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au ukianza kuona giza kila kona, nenda kamwone mhudumu wa afya. Maombi na daktari hawagombani.

Jumamosi nilimkabidhi baba mtoto wake nikaenda mazoezi ya kwaya, dakika arobaini tu. Sauti ilikwaruza, alto nikaikosa mara mbili. Kwenye beti ya tatu mtoto wa mtu alilia huko nje na maziwa yangu yakatoka yenyewe, gauni likalowa. Nikajifunika na kitabu cha nyimbo nikaendelea kuimba, nacheka. Usiku ule, chini ya "saa 9, kulia, kanyonya vizuri," nikaandika Isaya 40:11, na jina langu pembeni.

Bwana, tuongoze polepole. Na huyu aliyeanza kujinyoosha sasa hivi, mpe walau saa mbili nyingine za usingizi. Amina.