Hofu ya Bwenini na Hadithi Tunazowaandikia Vijana

Vijana wetu husoma hadithi za majini, misukule na mizimu usiku wa manane, wakiwa wamejifunika shuka gubigubi na mwanga wa simu ukiwamulika usoni. Makanisani tumezoea kuwakataza, na tukishawakataza hatuwapi kitu kingine cha kusoma. Kwa kuwa ninafundisha vijana wa kipaimara na ninaandika hadithi kwa ajili yao, nimewaza kwa muda mrefu jinsi hadithi ya Kikristo inayogusa ulimwengu wa roho inavyopaswa kuwa, ili kijana wa miaka 14 aisome kwa hamu na aimalize akiwa na ujasiri kuliko alipoianza. Jibu langu ni kwamba imani katika hadithi hiyo lazima itende kazi wakati hofu bado ipo, tena itende kupitia kijana mwenyewe.

Kielelezo ninachokirudia kuliko vyote kimo katika 2 Wafalme sura ya 6. Mfalme wa Shamu anatuma farasi, magari ya vita na jeshi kubwa, nao wanafika usiku na kuuzunguka mji wa Dothani ili wamkamate nabii Elisha. Asubuhi na mapema mtumishi wake anatoka nje, anaona mji umezingirwa, anarudi akilia kwamba wafanye nini. Elisha hamwiti mwoga. Anamwambia, “Usiogope, maana walio pamoja nasi ni wengi kuliko wale walio pamoja nao,” na hapo mtumishi bado hajaona kitu chochote isipokuwa jeshi la adui. Neno limetangulia, macho yatafuata. Ndipo Elisha anaomba, mtumishi anafumbuliwa macho, na mlima mzima umejaa farasi na magari ya moto. Nawaomba wanaoandika wasome hapo polepole, kwa sababu katika dakika ile jeshi la Shamu halijapungua hata askari mmoja.

Mwisho wa kisa hicho unanigusa zaidi, ingawa mahubiri mengi huishia kwenye magari ya moto. Askari wale wanapigwa upofu, wanaongozwa hadi Samaria, na mfalme wa Israeli anauliza kama awaue. Elisha anakataa na kuagiza wapewe chakula na maji. Wanaandaliwa karamu kubwa, wanakula, wanarudishwa kwa bwana wao. Ni hadithi gani ya kutisha tunayowaandikia vijana leo ambayo inamaliza kwa kumlisha adui?

Hadithi zetu nyingi zimerithi muundo wa filamu za Kinigeria tulizokua tukizitazama: mchawi anatesa familia kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, mchungaji anafika, anakemea kwa sauti kubwa, mchawi anateketea. Kijana katika hadithi ya namna hiyo ni mtazamaji tu, na jina la Yesu linageuzwa kuwa maneno ya nguvu ambayo yeyote akiyatamka kwa kelele za kutosha yatafanya kazi. Wana saba wa Skewa, kuhani wa Kiyahudi, katika Matendo 19, walijaribu njia hiyo kumtoa pepo, wakatoka katika nyumba ile uchi na wenye majeraha. Imani ya Shadraka, Meshaki na Abednego ni ya aina nyingine kabisa: walipotishiwa tanuru la moto, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, “Bali kama si hivyo,” bado hawataisujudia sanamu yake. Ningetamani kila mwandishi wa vijana ayaweke maneno hayo mbele ya meza yake.

Wamarekani wametangulia katika uandishi huu. Frank Peretti alipotoa riwaya yake This Present Darkness mwaka 1986, aliwaonyesha wasomaji malaika wanaopata nguvu kutokana na maombi ya watu wa kawaida katika mji mdogo. Napenda uzito alioyapa maombi. Hata hivyo, naona panga za malaika zikionekana mno, msomaji hupoteza ile hali ya mtumishi wa Elisha kabla hajafumbuliwa macho, na humo ndimo kijana anamoishi kila siku.

Hofu ya kijana wa hapa kwetu ina mahali pake panapojulikana, napo ni bwenini. Msichana mmoja anapiga kelele usiku, mwingine anaanguka, kufikia asubuhi shule nzima inasema watoto wamepandisha mapepo. Mwandishi mwaminifu hatakurupuka kutoa hukumu. Mwaka 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia, hata shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu. Naamini pepo wabaya wapo, maana Injili inawataja wazi, lakini mwili uliochoka na moyo uliolemewa navyo vipo, na Mungu ni Bwana wa vyote.

Tukikosea katika jambo hili, wanaoumia si wahusika wa kubuni. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia. Mkristo anayeandika hadithi ambamo bibi wa jirani ndiye mchawi anawasha moto asiouona.

Katika hadithi ninayoiandika sasa, msichana wa kidato cha pili anasikia mwenzake akilia kitanda cha pili, taa zimezimwa, na hakuna anayethubutu kushusha mguu sakafuni. Anaikumbuka Zaburi ya 56, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe,” anaisema huku meno yakigongana, anainua chandarua, anatafuta kandambili kwa vidole vya mguu na kuzikosa, anakwenda peku. Anamshika mwenzake mkono. Kilio hakikomi papo hapo. Anabaki ameketi hapo, naye bado anatetemeka, mpaka wa tatu anashuka kitandani kuja kukaa nao. Bibi anayeuza karanga nje ya uzio, ambaye wanafunzi walikuwa wakimnyooshea kidole, ndiye atakayewakaribisha uji katika sura ya mwisho.

Mzee mmoja wa kanisa aliyesoma rasimu aliniomba niongeze mchungaji wa kukemea. Nimemwongeza, ila anafika kumekucha, anaomba pamoja na wasichana kwa sauti ya kawaida, anawasikiliza mmoja mmoja, kisha yeye na matroni wanampeleka mgonjwa zahanati.