Kitabu cha Mganga wa York

Wapendwa katika Bwana, masomo yetu ya juma hili ni Ezekieli 16:1-14 na Matendo ya Mitume 19:11-20. Nitayasoma pamoja nanyi kwa kupitia maisha ya mtu ambaye huenda wengi wetu hatujapata kumsikia. Ni Nelson Rehmeyer, mkulima na mganga wa kienyeji aliyeishi peke yake katika bonde lenye msitu kusini mwa mji wa York, jimbo la Pennsylvania, Marekani, na aliyeuawa ndani ya nyumba yake usiku wa tarehe 27 Novemba 1928, akiwa na umri wa takriban miaka 60.

Pennsylvania ya mashambani ilijaa wazao wa wahamiaji wa Kijerumani, wengi wao Wakristo wa Kilutheri na wa Kireformati, na pamoja na vitabu vyao vya nyimbo walikuwa na uganga wao, ambao wenyewe waliuita Braucherei. Mganga wao hakuwa na tunguri wala pembe. Alikuwa na maneno ya sala, ishara ya msalaba iliyorudiwa mara tatu, na jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Alituliza maumivu ya moto, aliondoa chunjua, alitibu watoto waliokonda bila sababu kujulikana, na alizuia damu isitoke. Kwa desturi hakutaja bei. Aliyepona alitoa alichojaliwa. Watu walioketi kanisani siku ya Jumapili walimwendea katikati ya juma bila kuona kwamba wamebadili dini, na kwa kweli sidhani kwamba walikuwa na nia ya kuibadili.

Maneno hayo yalikuwa na kitabu. Mwaka 1820 John George Hohman, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeishi karibu na mji wa Reading, alikusanya dawa na makago ya aina hiyo akayachapisha kwa Kijerumani, na baadaye yakatafsiriwa kwa Kiingereza na kusambaa mbali. Kitabu kile kilimwahidi anayekichukua mwilini kwamba hatazama majini, hatateketea kwa moto, wala hatahukumiwa isivyo haki. Kwa maneno mengine, kitabu chenyewe kilikuwa hirizi. Rehmeyer alikuwa nacho.

Sasa tufungue Ezekieli 16, kwa sababu aya ya sita ya sura hiyo ndiyo iliyokuwa andiko mashuhuri la kuzuia damu miongoni mwa waganga wa Marekani ya mashambani. Mganga alilitamka juu ya jeraha, akilitia jina la mgonjwa, naye aliamini kwamba damu ingekoma. Lakini isomeni sura yote. Anayezungumziwa ni mtoto mchanga aliyetupwa uwandani siku ile ile aliyozaliwa, kitovu chake hakijakatwa, hajaoshwa kwa maji, hajasuguliwa kwa chumvi wala kuvikwa nguo, na hakuna jicho lililomwonea huruma. Mungu anapita, anamkuta akigaagaa katika damu yake, naye anamwambia, akirudia mara ya pili, awe hai. Kisha anamlea, anamwosha, anamvika, anamfanya wake. Ni simulizi la Mungu na Yerusalemu, na uzito wake wote umo katika yule anayesema. Mganga alipoling'oa andiko kutoka hapo na kulifanya dawa, maneno yalibaki kinywani mwake bila Mwenyewe.

Simdharau mkulima aliyejikata kwa fyekeo huku daktari akiwa mbali, akakimbilia maneno aliyofundishwa na nyanya yake. Nami nimelala utotoni juu ya Biblia iliyofunguliwa kwenye Zaburi ya 91 na kuwekwa chini ya mto, na aliyeiweka alikuwa mtu wa sala. Ninachokiogopa ni hatua inayofuata. Neno likishakuwa nguvu inayoshikwa mkononi, swali la lazima huwa ni nani mwingine anayeishika, na anaielekeza kwa nani. Anayeweza kukuganga anaweza kukuroga, na basi kila ugonjwa unatafutiwa mtu.

Hayo ndiyo yaliyompata John Blymire. Naye alikuwa mganga, wa ukoo wa waganga, akifanya kazi katika kiwanda cha sigara mjini York. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto Rehmeyer alimtibu, na kwamba baadaye aliwahi kumfanyia kazi shambani. Alipokuwa mtu mzima alikonda, akakosa usingizi, akapoteza watoto wachanga na ndoa yake, na aliwahi kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Wahenga wetu walisema mganga hajigangi. Blymire alizunguka kwa wapiga ramli akitafuta aliyemroga, hadi mwanamke mmoja wa Marietta akamtajia Rehmeyer. Dawa aliyopewa ilikuwa akate kishungi cha nywele za mzee huyo akifukie ardhini, au akichukue kitabu chake akakichome moto.

Tarehe 26 Novemba Blymire alifika kwa Rehmeyer pamoja na John Curry, kijana wa miaka 14. Mzee aliwapokea. Walizungumza hadi usiku ukawa mkubwa, na kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda aliwaacha walale nyumbani kwake. Kila ninapolisoma simulizi hili nakwama hapo, kwa yule mgonjwa aliyelala salama chini ya paa la mtu ambaye yeye mwenyewe aliamini kwamba ndiye anayemuua kidogo kidogo. Asubuhi waliondoka. Usiku uliofuata walirudi wakiwa na mtu wa tatu, Wilbert Hess, kijana wa miaka 18, ambaye jamaa zake nao waliambiwa na Blymire kwamba shamba lao linakwenda mrama kwa sababu ya mzee yule yule. Walidai kitabu, wakampiga mpaka akafa, wakauwasha mwili wake moto. Nyumba haikuteketea. Blymire alieleza baadaye kwamba uchawi umekatika, na kwamba sasa anaweza kula na kulala.

Kesi zilisikilizwa York mnamo Januari 1929. Upande wa mashtaka ulisisitiza kwamba lilikuwa tendo la wizi, kwa kuwa wakuu wa mji hawakupenda ulimwengu usikie habari za uchawi kwao. Blymire na Curry walifungwa maisha, Hess akapewa miaka 10 hadi 20. Blymire alitoka gerezani mwaka 1953.

Tukisoma Matendo 19 baada ya hayo, neno moja dogo linajitokeza. Wana saba wa Skewa walilichukua jina la Yesu kama chombo, wakalitaja juu ya mwenye pepo, wakatoka mle nyumbani wakikimbia, uchi na wenye majeraha. Hofu ikawaingia watu wa Efeso, na wale waliotumia mambo ya uganga wakakusanya "vitabu vyao", wakavichoma mbele ya watu wote, vya thamani ya fedha 50,000. Hakuna aliyegonga mlango wa jirani yake usiku akidai kitabu cha jirani huyo. Blymire naye alikuwa mganga, mwenye maneno na maarifa yake mwenyewe, lakini alichokwenda kukichoma kilikuwa cha Rehmeyer.

Basi naomba juma hili tuirudie Ezekieli 16:6 kwa sauti, polepole, bila kuliweka jina la adui wala la ugonjwa. Tumsikie anayepita karibu na mtoto ambaye hana hata jina. Hamwulizi ni nani aliyemtupa. Anasimama kwenye damu ile, anasema uwe hai, kisha anainama kumwosha.