Mwezi wa Shangani

Boti kutoka Mkoani, Pemba, ilinitesa: chini kumejaa, juu jua la utosi, na chupa ya maji bei maradufu ya dukani. Shughuli zilizonipeleka Unguja zilikwisha salama. Ninachotaka kusimulia ni sanamu ya mashine inayoigiza mwezi, niliyoikuta katika nyumba kongwe huko Shangani.

Kiingilio shilingi elfu kumi na tano! Nililipa roho ikiniuma. Ndani kiza totoro. Binti aliyetupokea alituketisha katikati, akatuomba subira, maana jicho huhitaji karibu nusu saa kukizoea kiza barabara. Mota ikaanza kunguruma, pete za chuma zikazunguka, vioo vikatawanya nukta za mwanga darini, spika zikatoa mvumo wa bahari. Kisha mkono mrefu wa chuma ukainua duara jeupe la mwanga kutoka nyuma ya vijumba na minazi ya mbao. Likiwa chini lilikuwa kubwa la kutisha. Lilipofika utosini, limenywea.

"Hilo lapungua," alisema mzee mmoja mwenye kanzu.

"Halipungui, babu. Shika hii."

Binti alimpa karatasi ngumu iliyoviringishwa. Mzee akafumba jicho moja, akachungulia duara likiwa juu, akangoja lishuke, akachungulia tena.

"Subhanallah! Ni lile lile!"

Nami nikachungulia, mwili ukanisisimka. Binti akasema mwezi wa kweli ndivyo ulivyo. Uko mbali nasi wastani wa kilomita 384,400, na unapochomoza huwa mbali zaidi kuliko ukiwa utosini, kwa karibu kilomita 6,000. Anayeukuza ni akili zetu, na wataalamu mpaka leo hawajaafikiana kwa nini.

Nasi Wapemba twaishi kwa mwezi! Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana; ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana, na baba hashushi dau bila kuuhesabu. Mashine ile ingeletwa Chake Chake, watoto wa skuli waione kwa nauli ya daladala tu.

Jioni nilimpigia baba simu, nikamwambia aviringishe karatasi autazame mwezi ukitoka.

"Leo mwezi kumi na saba, utatoka baada ya isha," alinijibu. "Nitautazama. Na hao wamekutoza ngapi?"

Nilipomtajia, alinyamaza kidogo.

"Mwambie huyo binti aje Mkoani. Huku mwezi hauna kiingilio."