Kumbukumbu ya mradi wangu: emuleta za michezo ya zamani kwenye Steam Deck

Usakinishaji wa emuleta, yaani programu zinazoiga mashine za zamani za michezo, umekwisha kwenye Steam Deck yangu, kompyuta ya michezo ya kushika mkononi, nami sitaukalia sana. EmuDeck, programu inayozisakinisha, huendeshwa upande wa kompyuta wa SteamOS, mfumo endeshi wa Steam Deck, na yenyewe huleta emuleta za RetroArch, DuckStation, PCSX2, Dolphin na PPSSPP, kisha hutengeneza folda za michezo, za BIOS (programu ya msingi ya kuwashia mashine) na za data iliyohifadhiwa. PCSX2, inayoiga PlayStation 2, haiwashi mchezo wowote bila BIOS, na kwa kuwa faili hiyo ina hakimiliki, yangu niliinakili kutoka kwenye PlayStation 2 ninayoimiliki.

Kazi iliyonichukua muda ni ya picha. Skrini ya Steam Deck ina pikseli 1280 kwa 800, ilhali Game Boy Advance ilichora 240 kwa 160 tu. Ukiizidisha picha hiyo mara 5 kamili unapata 1200 kwa 800: kimo kinajaa chote, na kila upande kunabaki ukanda mweusi wa pikseli 40. Kishawishi ni kuivuta ijaze upana wote, lakini hapo ukuzaji unakuwa mara 5 na theluthi, hivyo pikseli moja inapewa safu 5 na jirani yake 6, na mandhari yanapoanza kusogea kando, kingo za majengo na herufi zinatetemeka. Katika RetroArch, inayoiga mashine nyingi kwa pamoja, niliwasha ukuzaji wa namba nzima kwa Game Boy Advance, na kwa Game Boy ya kwanza pia, kwa sababu 160 kwa 144 ikizidishwa mara 5 inatoa 800 kwa 720, nayo inakaa vizuri.

Super Nintendo haikubali kanuni hiyo kirahisi. Michezo yake mingi huchorwa 256 kwa 224, lakini televisheni za wakati ule ziliinyoosha picha hiyo kwa mlalo, kwa hiyo pikseli zikionyeshwa za mraba, duara hugeuka kama yai lililosimamishwa. Hapa nimechagua umbo sahihi badala ya pikseli sahihi: kimo ni mara 3 kamili, upana unafuata uwiano wa televisheni, na kichujio chepesi kinalainisha kingo za wima. Wapo watakaopinga, na hoja yao ninaielewa, ila wachoraji wa michezo hiyo waliiandaa kwa ajili ya televisheni.

Jambo la pili ni kasi ya skrini. Nakala zangu kadhaa za PlayStation ni za Ulaya, ambazo huonyesha picha mara 50 kwa sekunde, na kwenye skrini ya mara 60 baadhi ya picha hukaa muda mrefu kuliko nyingine, mwendo ukaonekana unajikwaa. Kwa bahati nzuri kitufe cha nukta tatu hufungua menyu inayoruhusu kuishusha skrini hadi 50, na mpangilio huo unaweza kuhifadhiwa kwa kila mchezo peke yake.

Diski za PlayStation nimezigeuza kuwa CHD, muundo unaobana data bila kupoteza chochote na kuunganisha sehemu zote za diski, za data na za sauti, katika faili moja. Final Fantasy VII, yenye diski 3, niliiandikia faili ya M3U, ambayo ni maandishi matupu yanayotaja kila diski katika mstari wake. DuckStation, inayoiga PlayStation, huisoma kama mchezo mmoja, na kadi ya kumbukumbu inabaki ileile diski inapobadilishwa.

Kuhusu betri, prosesa nimeiwekea kikomo cha wati 5 kwa michezo ya Game Boy Advance na PlayStation, na sijaona dosari yoyote. Feni nayo imetulia. PlayStation 2 ina njaa zaidi, kwa hiyo huko sijaweka kikomo. Picha yake nimeikuza mara 2, kiasi kinachokaribia kimo cha skrini hii, na sioni sababu ya kupanda hadi 3, maana pikseli za ziada zingekula umeme ilhali skrini haina mahali pa kuzionyesha. Kilichobaki ni kuipitia michezo ya PCSX2 mmoja mmoja, kwa kuwa mipangilio inayoufaa huu huweza kuuharibu ule.