Mhandisi mwalikwa na shimo la majaribio

Mameneja wa miradi wengi wenye cheti cha usimamizi wa miradi cha PMP huhudhuria hafla za chakula cha jioni zenye mzungumzaji mwalikwa ili kukusanya saa za kujiendeleza kitaaluma, kwa kuwa Project Management Institute ya Marekani, inayotoa cheti hicho, humtaka kila mwenye nacho atimize saa 60 katika kila kipindi cha miaka 3. Sioni ubaya katika hilo. Hata hivyo, hafla ya wiki iliyopita, iliyofanyika katika hoteli moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam, imenithibitishia kwamba mzungumzaji akichaguliwa vizuri, saa hizo huwa ndiyo faida ndogo kuliko zote.

Mzungumzaji alikuwa mhandisi, mama aliyesimamia ujenzi wa barabara kwa miaka mingi, naye alichagua kuzungumzia kipindi ambacho ratiba zetu hukipa mistari miwili tu, yaani kile cha kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo la kazi. Alituonyesha picha ya shimo la majaribio lililochimbwa kwa sururu na koleo kando ya barabara ili kuona kilichomo chini ya ardhi. Ndani yake yalionekana mabomba mawili ya maji, kebo ya umeme na kebo ya mawasiliano, ilhali mchoro aliokabidhiwa ulionyesha bomba moja, tena upande wa pili wa barabara. Alieleza kwamba kila kilichomo humo kina mwenyewe, kila mwenyewe ana bajeti na utaratibu wake wa manunuzi, na mkandarasi akishaleta mitambo akakuta njia haijawa wazi, siku za mitambo kukaa bure hugeuka madai ambayo mwenye mradi hana hoja ya kuyakataa.

Hapo ndipo alipogusia fidia ya wanaohamishwa kupisha mradi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na kwa maoni yake hilo la wakati ndilo meneja wa mradi anapaswa kulifuatilia yeye mwenyewe, badala ya kuiachia ofisi ya wathamini peke yake. Nakubaliana naye kabisa, kwa sababu nyuma ya kila mstari wa jedwali la fidia kuna familia inayosubiri kujua itahamia wapi.

Hotuba ilipokwisha na pilau kuletwa, mazungumzo ya meza yetu yalihamia Jangwani, ambako mafuriko ya Mto Msimbazi yamekuwa yakifunga Barabara ya Morogoro na kusimamisha mabasi ya mwendokasi yaliyoanza huduma mwaka 2016. Dada mmoja anayesimamia miradi ya mifereji alisema kwamba bado anaona madaftari ya vihatarishi, yaani orodha za mambo yanayoweza kukwamisha mradi, yanayoitaja mvua kuwa jambo lenye uwezekano wa kati, ilhali masika huja kila mwaka kati ya Machi na Mei. Yeye huondoa kazi zote za kuchimba katika miezi hiyo tangu siku ya kwanza ya kupanga, kisha humtetea mkandarasi mbele ya mfadhili anayelalamika kwamba ratiba ni ndefu.

Ninawaomba waandaaji kwamba hafla ijayo wamwalike mthamini wa ardhi pamoja na msimamizi wa mtandao wa maji, wakae nasi mezani, na muda wa maswali uwe mrefu kuliko wa hotuba.