Droni imetulia hewani, ila mota moja inanitesa

Imekubali! Droni ya kilo 1.5 imesimama tuli hewani hapa Uyole, Mbeya, kwa propela mpya za inchi 11, na kijiti cha rimoti hakijafika hata theluthi mbili. Kwa zile za zamani za inchi 10 nilikuwa nakisukuma hadi robo tatu, betri inalia kabla sijafanya lolote la maana.

Jamaa yangu wa Dar, mwenye fremu na mota zile zile, alikuwa ananicheka. Yeye yuko usawa wa bahari bwana! Huku ni mita 1,700 na ushee, hewa nyepesi kwa takribani asilimia 15. Kubeba uzito ule ule, propela zinadai mizunguko zaidi kwa kama asilimia 9, na wati zinapanda vivyo hivyo.

Nikakaa na kikokotoo. Propela zangu nne za inchi 10 zilikuwa zinapitisha kama kilo 1.2 za hewa kila sekunde, kwa kasi ya karibu mita 6 kwa sekunde. Msukumo unakua na kasi ya hewa, lakini nishati inakua na kasi mara kasi. Kwa hiyo afadhali ushike hewa nyingi uisukume polepole. Inchi 11 zinashusha wati kwa asilimia 9. Inchi moja tu, deni la mwinuko limekwisha!

Sasa kero. Mizunguko imepungua lakini kila mmoja ni mzito: torki (nguvu ya kuzungusha) imepanda kama asilimia 10, na umeme kwenye waya za mota unafuata torki. Mota zote zinapata joto, sawa, lakini ya nyuma kushoto kidole hakikai. Nimehamisha propela, nimebadilisha ESC (kidhibiti cha kasi ya mota), wapi! Ukiizungusha kwa mkono taratibu unasikia mkwaruzo mdogo, kama beringi ina mchanga. Nashuku hapo.

Kwa wanaopima msukumo: mizani ya jikoni ya sokoni Mwanjelwa inatosha, stendi za bei mbaya waachieni wenye hela. Funga mota iikandamize mizani, upepo uende juu. Upepo ukipiga sahani, namba zinadanganya.

Kamera niliyoahidi kuifunga isubiri. Beringi ikipatikana naipandisha droni mlima Loleza, zaidi ya mita 2,600. Hesabu inadai mizunguko itaongezeka kama asilimia 5 nyingine. Nataka kuona hiyo mota itasemaje.