Mifupa inalainika, kumbe ni kauvimbe

Kuna ugonjwa umenikaa kichwani siku hizi, acha niuandike maana watu wanateseka nao miaka na miaka. Mtu mzima, alikuwa hana tatizo, anaanza kuumwa nyonga, mara mbavu, mara miguu, ngazi hapandi bila kushika ukuta, baadaye mifupa inavunjika hata hajaanguka. Anaambiwa baridi yabisi, anaambiwa mgongo, wengine wanaambiwa eti ni mawazo tu, na hilo ndo linaniuma zaidi.

Kumbe chanzo ni kauvimbe, mara nyingi wala sio saratani, kanaweza kuwa kadogo kama punje ya harage kamejificha kwenye unyayo, paja, taya au huko ndani ya pua. Kanamwaga kwenye damu homoni inaitwa FGF23, basi figo zinamwaga fosifeti nyingi, yaani madini yanayokomaza mfupa, kwenye mkojo na vitamini D inayotakiwa kufanya kazi nayo inapungua, sasa mfupa bila fosifeti utakomaaje? Unabaki laini.

Mwaka 1947 daktari Mwingereza, McCance, aliandika habari za mgonjwa aliyepona baada ya kutolewa uvimbe kwenye paja, ila hakujua kama uvimbe ndo mchawi. Mpaka 1959 ndo Prader wa Uswisi akasema wazi, kwa binti wa miaka 11 aliyekuwa na uvimbe kwenye ubavu.

Mimi niko maabara, nazipokea fomu kila siku. Kalsiamu imetikiwa, figo imetikiwa, ini limetikiwa, kibox cha fosifeti kitupu. Na damu ni ileile, chupa ileile! Kama una ndugu wa hivi mwombeni daktari aipime, jamani.

Ikitoka chini na figo zinaimwaga, kauvimbe katafutwe, kuna skani ya PET ya galiamu 68, yaani picha ya mwili inayopigwa baada ya kuchomwa dawa yenye mionzi kidogo inayong'ang'ania kwenye kauvimbe, ila ipigwe kichwa mpaka vidole vya miguu, maana skani nyingi zinaishia mapajani na kenyewe kako kisiginoni. Kakikatwa kote fosifeti inapanda ndani ya siku chache, mifupa inafuata taratibu kwa miezi. Kasipoonekana mgonjwa anakunywa fosifeti na vitamini D ile iliyo tayari kufanya kazi kila siku, au anachomwa burosumab, sindano inayoizuia hiyo FGF23, Marekani waliiruhusu kwa ugonjwa huu 2020, ila bei yake kwa wengi wetu haishikiki, ndo maana nasema watafute tena, hata kwa kupapasa na vidole.